Vidude Saba vya Mdogo Wangu

Tarehe tisa Machi nilimpoteza mdogo wangu. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Figo zilimsumbua muda mrefu kuliko alivyotuambia, na siku alipotuambia ilikuwa imeshachelewa. Tulimzika Kilosa kesho yake, mvua ikinyesha, udongo ukawa tope kabla hatujamaliza kufukia. Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu yote yaliyofuata niliyafanya nikiwa na hasira, na anayesoma ni vizuri ajue ilianzia wapi.

Alikuwa na chumba cha kompyuta Mikumi, kando ya barabara kuu, mlango wa pili kutoka kwa muuza vipuri vya pikipiki. Mashine saba. Zote zilitupwa na ofisi moja kwa sababu zilizeeka na hazikuweza tena kubeba Windows mpya. Yeye alizibeba, akazifungua, akapuliza vumbi, akaziwekea Linux. Huo ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ila ni wa bure, umeandikwa na watu wengi wasiofahamiana, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua ndani na kuurekebisha. Aliniambia hivyo mara nyingi, mimi nikiitikia tu huku nachambua mchele. Mimi ni mpishi wa shule. Niliishia kidato cha pili. Nilichoelewa ni kwamba vijana kutoka Ruhembe, ambao wazazi wao wanakata miwa, walikuja pale kujifunza kuchapa na kutuma maombi ya kazi, na kwamba mashine ambazo wenzake walisema zimekufa zilikuwa zinafanya kazi kutwa nzima.

Kwetu, mtu akifa hana mke wala mtoto, mambo yake huamuliwa na upande wa mama, na msemaji ni mjomba. Jioni ya mazishi mjomba wetu alisema mbele ya wote, "Arobaini ikiisha tutakaa kikao kule kule Mikumi. Dada yake atashika funguo mpaka siku hiyo. Kompyuta zinazofanya kazi zitabaki, yeye ataziangalia. Mabovu yatauzwa chuma chakavu. Sitaki ukoo ulinde makopo."

Neno makopo lilinichoma. Lakini nilisema, "Sawa, mjomba." Kwetu mjomba habishiwi.

Siku ya tatu tulianua tanga. Siku ya tano tukapanda gari kwenda Mikumi, wanawake sita, mama mdogo akituongoza, kwenda kusafisha alikoishi marehemu. Ndivyo tunavyofanya. Hatuachi nyumba ya marehemu na uchafu wa siku alizougua. Tunafua kila nguo, tunasugua kila sufuria, tunafagia mpaka nyuma ya mlango, ili atakayeingia asikute alama ya mkono wa mtu aliyekwisha lala kaburini. Ni kazi ya upendo, na inafanywa haraka, na kwa maji mengi.

Tulipomaliza chumba alicholala tukaingia kwenye kile cha kompyuta. Nyuma ya kila mashine kilichomekwa kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha chaki. Ndicho kinachoshika hewani intaneti inayotoka kwenye kisanduku cha mtandao cha ukutani, kwa sababu mashine zile za zamani hazina chake ndani. Juu ya kila mashine alibandika kipande cha plasta ya kidonda chenye namba, moja mpaka saba. Na kila kidude kilikuwa na kiplasta chake, na namba yake.

"Mwanangu," mama mdogo akaniambia, "yabandue hayo maplasta. Mahali penyewe panaonekana kama zahanati."

"Zahanati isiyo na nesi," akasema mwingine.

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba uingie. Nilibandua plasta zote kumi na nne kwa kucha. Gundi iliyobaki niliisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikatoka kabisa. Vidude nilivichomoa ili visiingie maji, nikavitia vyote kwenye kopo la maziwa ya unga. Tukafuta mashine zikang'aa. Mama mdogo aliposimama mlangoni kuangalia, alisema sasa hata marehemu angepumzika.

Wenzangu walirudi Kilosa. Mimi niliomba ruhusa kazini, nikabaki. Asubuhi yake niliwasha mashine zote, nikachomeka vidude, kimoja kila mashine, kama nilivyovikuta. Mashine zikawaka. Intaneti hakuna. Hata moja. Pale kwenye kona ya kioo panapokaa alama ya mawimbi palikuwa patupu. Nilizima, nikawasha. Nilibadilisha vidude huku na huku bila mpango wowote. Nikaenda kununua kifurushi kipya cha intaneti nikidhani cha zamani kimekwisha. Kijana mmoja wa duka la simu akaniambia niunganishe simu yangu kwa waya, mashine itapata intaneti kupitia simu. Kweli ilipata. Ikaniuliza swali kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo ili iondoke, ikapakua vitu karibu saa nzima ikamaliza salio langu. Nilipochomoa simu, patupu vile vile.

Mjomba alipita siku hiyo akitoka kuangalia shamba lake Zombo. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Zinafanya kazi?"

"Zinawaka."

"Hata redio ya babu yako inawaka," akasema. "Nimeuliza kama zinafanya kazi."

Nikamwambia ukweli kwamba hapana. Akatikisa kichwa, akaondoka. Nilijua hesabu yake imeshafungwa. Zilibaki siku thelathini na nne, na kazi yote ya mdogo wangu ingekwenda kupimwa kwenye mizani pamoja na mabati na rimu za baiskeli.

Ndipo nikamwita fundi. Alikuja kutoka Kilosa na begi mgongoni, kijana mchangamfu, anaongea Kiswahili cha Dar. Alikaa kwenye mashine iliyo karibu na dirisha, akatazama kioo, akasonya.

"Sista, nani kakuwekea madudu haya?"

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi nimuulize swali moja?"

"Amefariki."

"Daa. Pole sana, sista." Akageukia kioo tena. "Sasa hii Linux inazingua sana na vifaa. Haivitambui. Hapa dawa ni moja, tunapiga window."

Kupiga window ni kufuta kila kitu kilichomo na kuweka Windows upya. Kwa mafundi wetu hiyo ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta nzito, piga window. Spika haitoi sauti, piga window. Umesahau neno la siri, piga window. Mdogo wangu alikuwa akilisikia neno hilo anaacha kula.

"Vitu vyake havitafutika?" nikamuuliza.

"Vitu gani, sista? Mashine yenyewe haina hata game."

"Subiri nifikirie."

Nilitaka nikamnunulie chakula, maana ametoka mbali. Nikiwa mlangoni nikageuka, nikasema neno ambalo sitalificha hapa. Nilisema, "Lakini wewe ndiye fundi." Kwake hilo lilikuwa ruhusa, na kusema kweli hata kwangu lilikuwa ruhusa, nilitaka mtu mwingine aamue. Niliporudi na wali maharage, mashine ilikuwa imeshafutwa na asilimia sitini za kitu kipya zilikuwa zinasoma kwenye kioo.

Ilipomaliza kuwaka, ilichukua muda ambao mimi ningekuwa nimechemsha uji. Ukibonyeza, inafikiri. Ukibonyeza tena, inaganda. Na intaneti bado hakuna, kwa sababu hata Windows ilitaka programu ya kukitambua kile kidude, na programu yenyewe iko kwenye intaneti.

"Hapa sasa ni mashine, sista. Imechoka," akasema fundi.

"Asubuhi ilikuwa haijachoka."

"Si ndiyo hivyo, ikichoka imechoka."

Akala wali, akanawa, akaondoka. Sikumfokea. Mimi si mtu wa kelele. Hasira yangu huenda mikononi. Nilisugua lile sufuria nililopikia chai mpaka mpini ukalegea.

Usiku sikulala, lakini hakuna cha kusimulia juu ya usiku ule. Asubuhi nilianza kutafuta chochote alichoandika. Nilikuta daftari la mistari kwenye droo ya meza, droo ile ile tuliyoifuta sisi wenyewe. Tulilitoa, tukafuta, tukalirudisha. Wanawake sita, na hakuna aliyelifungua.

Ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi kubwa:

"Kila kidude na mashine yake. Nje vinafanana, ndani chipu ni tofauti. Draiva nimejenga kwa mkono, moja kwa kila mashine. USICHANGANYE. Fuata namba."

Draiva, nilikuja kuelewa kwa kusoma kurasa zilizofuata, ni programu ndogo inayoifundisha mashine kukitambua kifaa. Vidude vile vilikuwa vya bei nafuu, vya kununua kimoja kimoja kila alipopata. Vina ganda moja, lakini kiwandani wanatia ndani chochote walicho nacho siku hiyo. Linux ilivigomea vyote mwanzoni. Yeye akakaa na kila kimoja mpaka kikakubali, kwenye mashine moja. Chukua kidude namba tatu ukichomeke mashine namba sita, mashine hiyo haijawahi kukutana nacho. Haitasema neno.

Fuata namba. Nilisoma maneno hayo mawili mara nyingi sana. Kucha zangu bado zilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, au nilidhani hivyo.

Kwanza nilimkasirikia mama mdogo. Halafu mjomba na makopo yake. Halafu fundi. Nikamkasirikia na marehemu, ndiyo, nikamwambia kwa sauti mle ndani peke yangu: kwa nini hukuniambia? Kwa nini akili yote ile uifungie kwenye plasta ya kidonda? Kwa nini hukununua vya aina moja? Mwanafunzi mmoja aliyekuja kuulizia kama patafunguliwa alinisikia akarudi nyuma. Nilipochoka kuwakasirikia wengine nikabaki na mimi. Mimi ni mpishi. Nina sufuria kumi na mbili na mifuniko kumi na mbili, na mtu akinichanganyia mifuniko ninamfukuza jikoni. Nilichomfanyia mdogo wangu nisingekubali nifanyiwe kwenye sufuria.

Ukurasa wa nne ulikuwa na orodha. Mbele ya kila namba ya kidude kulikuwa na herufi na tarakimu nane, nne huku, nne huku, nukta mbili katikati. Chini aliandika namna ya kuzipata: fungua kidirisha cheusi, andika amri hii ya herufi tano, bonyeza. Niliandika. Herufi moja nilikosea mara tatu. Kisha mashine ikatoa mistari, na kwenye mstari mmoja zikatokea zile herufi nane za kidude kilichochomekwa. Nilizilinganisha na daftari kwa kidole, moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kidude namba nne. Nikachukua kingine. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimevitambua vyote saba, kila kimoja nimekiweka juu ya kikaratasi chake.

Lakini mashine zenyewe zilikuwa hazina namba tena. Daftari lilisema uzime, uchomeke, uwashe, usubiri dakika mbili. Nilianza na kidude namba moja, nikakizungusha mashine hadi mashine. Nilikuwa nimejaribu mashine mbili tu umeme ulipokatika, ukarudi usiku. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, nikiwa nimefungua tena kile kidirisha cheusi, nikasoma kilichoandikwa kabla ya mahali pa kuchapia. Kiliandikwa: mashine6. Nikaenda kwenye mashine ya pembeni yake, nikafungua. mashine1. Ya mlangoni, mashine3. Alizipa majina ndani. Kila nilipoandika ile amri jina lilikuwa pale pale mbele ya macho yangu, na mimi nililiona kama mtu anavyoona rangi ya ukuta. Siku tatu nzima.

Nilichomeka kidude namba moja kwenye mashine namba moja. Nikazima, nikawasha. Nikahesabu. Mawimbi yakatokea kwenye kona.

Sikushangilia. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikafa ganzi, kisha nikaenda kwenye ya pili.

Tano zilikubali siku hiyo. Ile ya dirishani haikuwa na jina tena, fundi alilifuta pamoja na vingine, lakini kwa kuwa zilizobaki nilizijua, nilijua kwamba hiyo ilikuwa namba tano. Kidude chake kipo. Draiva yake haipo, na mimi sijui kujenga draiva. Hata leo sijui.

Namba mbili iligoma, ingawa jina lilikuwa sawa na kidude kilikuwa sawa. Iligoma wiki nzima. Ilikuwa ndiyo ile niliyoiunganisha na simu. Nilipekua daftari mpaka ukurasa wa mwisho, na huko, kwa kalamu nyekundu, nikakuta: "Mashine ikiuliza kusasisha, kataa. Ikisasisha, kiini cha mfumo kinabadilika na draiva inakufa. Ikitokea: washa, shikilia Shift, chagua kiini cha zamani." Kwa hiyo hata hilo niliharibu mimi, kwa ile ndiyo niliyoibonyeza ili swali liondoke. Nilishikilia Shift. Nilichagua cha zamani. Ikakubali.

Arobaini ilisaliwa Kilosa, katekista aliongoza, watu wakala. Kesho yake wakaja Mikumi: mjomba, wazee wawili wa ukoo, na mama mdogo. Niliwapangia viti. Mashine sita zilikuwa zinawaka, ya saba niliifunika kitambaa.

"Haya," mjomba akasema, "tuonyeshe kama zinaongea na dunia."

"Unataka uone nini, mjomba?"

"Hali ya hewa. Zombo."

Nikaandika. Ikatokea: mvua. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Hilo hata mbuzi wangu analijua," akasema, na wazee wakacheka. Lakini aliiendea ya pili, akaniambia nifanye vile vile, na ya tatu, mpaka zote sita. Kisha akauliza, "Mbona nilipokuja siku ile hazikufanya kazi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mtandao. Sikuweza. Niliwaeleza plasta, namba, kopo la maziwa.

"Kwa hiyo ni sisi tulioharibu?" mama mdogo akauliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Tulikuja kusafisha kwa uchungu wetu, leo tumekuwa waharibifu?"

"Niliharibu mimi, mama. Wewe ulisema tu. Kucha zilikuwa zangu. Na ya dirishani nilimruhusu fundi mimi."

Mzee mmoja akakohoa. Mjomba akatamka kwamba sita zibaki, ya saba iuzwe, na mimi niendelee na funguo. Hilo lilikuwa ndilo nililopigania siku zote zile, na lilisemwa kwa pumzi moja.

Baada ya hapo ikaja zamu ya kuchukua vitu vya kumbukumbu. Kwetu kila aliye karibu huondoka na kitu cha marehemu, hata kama ni kidogo, ili awe na cha kushika. Mama mdogo alichukua sweta. Mzee mmoja viatu, mwingine redio. Mjomba alisimama katikati ya chumba akisema yeye hataki makuu, yeye mzee, atachukua kitu kidogo kisichomuumiza mtu. Akainama nyuma ya mashine namba mbili, akachomoa kile kidude, akakipuliza, akakitia mfuko wa shati.

"Haka kananitosha," akasema. "Kumkumbuka."

Wote waliitikia kwa kichwa. Niliona wamemwona mtu mwenye kiasi. Na yeye hakuwa na ubaya. Nimelifikiria sana hilo, hakuwa na ubaya hata kidogo. Alikuwa amenisikiliza kwa muda wote nilipoeleza, na hakusikia neno.

Alama ya mawimbi kwenye kioo cha namba mbili ikazimika.

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mjomba wangu mkono isipokuwa kwa salamu. Nilimshika pale juu ya kiganja, nikabana.

"Mjomba, hicho hapana."

"Kadude haka?"

"Hako. Chukua kiti. Chukua televisheni. Chukua kitanda chake."

"Wewe mtoto," mama mdogo akasema nyuma yangu, "umeingiwa na nini? Mwachie mjomba wako!"

"Amenisikia nilivyoeleza. Nyote mmenisikia."

"Ni kamoja tu," akasema mzee aliyechukua redio. "Si viko sita?"

Nilihisi machozi yanakuja na sikutaka waone ni ya nini, kwa sababu hayakuwa ya msiba. Sikumwachia. Mjomba alinitazama usoni muda mrefu, kisha akatazama mkono wangu ulipomshika. Akapeleka mkono wa kushoto mfukoni, akakitoa kile kidude, akakiweka mezani, si kwenye kiganja changu nilichokinyoosha. Nikamwachia. Akachukua kofia yake na kutoka kwenda kusubiri gari, mvua ikiendelea, na kiti nilichompa badala yake hakuna aliyekichukua.